DDR3, DDR4 au DDR5: ununue RAM ya kizazi gani wakati ya zamani nayo imepanda bei?

Mama mmoja mwenye duka la kuchapisha nyaraka alileta kompyuta yake ya mezani nimwongezee RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi ikiwa imewashwa. Mwaka 2023 nilimwekea giga 8 za DDR4 na akalipa bila kuguna. Safari hii nilipomtajia bei ya kipande kilekile, alivua miwani akanitazama.

"Fundi, hii si ndiyo ya mwaka ule? Vitu vikizeeka si hushuka bei?"

"Ni yenyewe, mama. Imepanda kwa sababu imezeeka."

Hakuridhika, na nilimwelewa. Maelezo yake hayaishi ukiwa umesimama kaunta, kwa hiyo nayaandika hapa, pamoja na ulinganisho wa vizazi vitatu vya RAM ambavyo mtu anakutana navyo akiingia Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi leo. Kila kizazi kina mtu wake, na nitajaribu kukitendea haki kila kimoja.

Bei ya chipu inavyokwenda na umri

Chipu ya kumbukumbu huzaliwa ghali. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani nyembamba ya silikoni, mamia kwa mamia kwa sahani moja, na kiwanda kinapoanza aina mpya nyingi kati yake hutoka mbovu. Zile nzima ndizo zinazobeba gharama ya mbovu. Mitambo nayo ni mipya na fedha yake haijarudi. Kampuni nyingi huigawa gharama hiyo kwa miaka mitano hivi. Kadiri muda unavyokwenda, mbovu hupungua, vijumba vya kuhifadhia data hufinywa mpaka sahani ileile itoe giga nyingi zaidi, na washindani wanaongezeka. Bei huteremka mpaka bondeni, ikakaa huko miaka kadhaa. Wengi wetu tulijifunza kununua kompyuta bei ikiwa bondeni, ndiyo maana tunaamini cha zamani ni rahisi siku zote.

Bonde lina upande wa pili. Sehemu kubwa ya RAM duniani hutoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Nafasi ya kiwandani inaweza kutumika kutengeneza DDR4, au DDR5, au HBM, ile kumbukumbu ya kupandanisha chipu kama ghorofa inayofungwa pamoja na prosesa za akili mnemba. Micron imeeleza kwamba kwa ujazo uleule, HBM hula takriban mara tatu ya silikoni inayotumiwa na DDR5. Mwenye kiwanda akiona faida iko huko, wa kwanza kupisha ni mzee, yaani DDR4.

Na akitangaza kwamba anaacha kuitengeneza, mbio zinaanza. Taratibu za JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya sekta hii, zinampa mnunuzi angalau miezi 6 ya kuweka oda ya mwisho na miezi 12 ya kupokea mzigo. Fikiria anayetengeneza ruta au vifaa vya hospitali, ambaye bodi yake inakubali DDR4 tu. Hawezi kubadili muundo kwa miezi sita, basi anaagiza mzigo wa miaka kadhaa kwa mkupuo. Watu wa namna yake wakiwa wengi, bei inaruka wakati uleule uzalishaji unapokatwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2025. Kufikia Juni, chipu moja ya DDR4 ya gigabiti 16 (sawa na giga 2) ilikuwa inauzwa ghali kuliko ya DDR5 ya ujazo huohuo kwenye soko la papo kwa papo, ambako chipu hununuliwa kwa bei ya siku bila mkataba. Baadaye mwaka huohuo DDR5 nayo ikapaa, maana vituo vya data vya akili mnemba vilikuwa vinazoa kila kilichopatikana, na Desemba Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiuzwa kwa watu wa kawaida kama sisi.

Kuna mienendo miwili hapa, na naomba uitenganishe kwa sababu uamuzi wako wote utasimama juu yake. Umri ni mteremko na mpando: unakwenda upande mmoja na haurudi nyuma. Msimu ni maji kupwa na maji kujaa: bei hushuka, kisha hupanda tena. Mwaka 2018 RAM ilikuwa ghali, 2019 ikashuka, 2023 ikazidi mahitaji mpaka Samsung yenyewe ikatangaza kupunguza uzalishaji, na mwishoni mwa 2025 maji yakajaa tena. Ukitazama Raspberry Pi 4 ya giga 2, kompyuta ndogo ya bodi moja, utauona msimu waziwazi: ilitoka 2019 kwa dola 45, ikashushwa hadi 35 mwanzoni mwa 2020, ikarudishwa 45 Oktoba 2021 wakati chipu zilipoadimika. Bodi ni ileile, umri unazidi, na bei imeshuka na kupanda.

Mambo ninayoyapima

Kwa kila kizazi naangalia bei ya leo na inakoelekea. Kama utapata kipande cha pili ukitaka kuongeza baadaye. Vinavyoambatana nayo, yaani mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), prosesa na mfumo endeshi kama Windows, kwa sababu RAM haifanyi kazi peke yake. Na mitego ya sokoni. Mwisho nasema kinamfaa nani. Kasi sikuipa kichwa chake. Kwa kuandika barua, kuchapisha, mahesabu na intaneti, giga za kutosha zina faida kubwa kuliko tofauti ya kizazi.

DDR3

*Bei na inakoelekea.* Kiwango chake kilitoka 2007, na wakubwa walishaipa mgongo. Wanaoendelea nayo ni kama Nanya na Winbond za Taiwan, zaidi kwa ajili ya vifaa vidogo vinavyohitaji chipu chache. Kipande kipya halisi cha kompyuta ni adimu. Iliyotumika ndiyo rahisi, kwa sababu kompyuta za ofisi zilizostaafishwa Ulaya na Ghuba bado zinaletwa na kuvunjwavunjwa. Vipande vya giga 2 na 4 vimejaa kwenye makopo ya mafundi. Vya giga 8 vinashikilia bei, kwa kuwa kila mwenye sloti mbili (nafasi za kuchomekea RAM) anavitaka hivyo.

*Kuongeza baadaye.* Ukomo upo karibu. Mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 (prosesa nazo zina vizazi vyake) hazipokei zaidi ya giga 8 kwa kipande kimoja, hivyo laptopu yenye sloti mbili inaishia giga 16.

*Vinavyoambatana nayo.* Kwa upande wa Intel, hapa ni hasa kizazi cha 2 mpaka cha 4: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 (Dell walilirudia jina hilo 2023, basi tazama mwaka), HP EliteDesk 800 G1, ThinkPad T440. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa Linux, mfumo endeshi wa bure, hakuna shida; toleo lake la Linux Mint linakimbia vizuri kwenye mashine hizi ukiweka na SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

*Mitego.* Miwili. Laptopu nyingi za kizazi cha 4 zinataka DDR3L, inayotumia volti 1.35, ile ya kawaida ni ya volti 1.5. Kibandiko cha DDR3L kinaandikwa PC3L, na herufi L hiyo ndogo imewatesa wengi: kipande kinaingia vizuri kwenye sloti na mashine haiwaki. Mtego wa pili ni vipande vya giga 8 vya bei ya kutupa vinavyofanya kazi tu kwenye mashine zenye prosesa za AMD, mshindani wa Intel. Muulize muuzaji kabla, na kama yako ni Intel ijaribu palepale.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya DDR3 tayari, inayofanya kazi ndogo zinazojulikana, aliye tayari kutumia Linux au ambaye mashine yake haiingii intaneti. Kununua mashine nzima ya DDR3 leo kwa ajili ya Windows ni kununua kitu ambacho mlango wake umeshafungwa.

DDR4

*Bei na inakoelekea.* Hapa ndipo watu wengi walipo, na ndipo penye maumivu. Ilianza kuingia kwenye kompyuta 2014, ikafika bondeni kabisa 2023, na sasa inapanda upande wa pili. Ughali wake una sababu mbili zilizokutana: umri na msimu. Msimu ukigeuka bei inaweza kulegea, lakini umri hautageuka. Anayeniambia atasubiri DDR4 ishuke mpaka ilipokuwa 2023, namwambia wazi kwamba mimi singesubiri.

Iliyotumika inafuata mpya. Muuzaji wa rejareja anatazama bei ya dukani kabla ya kutaja yake, kwa hiyo kipande kilichochomolewa kwenye mashine ya miaka sita nacho kimepanda. Hata hivyo tofauti ipo, na RAM ni kati ya vitu ambavyo sioni shida kuvinunua vikiwa vimetumika. Haina sehemu inayozunguka wala inayosagika. Ikipita majaribio, huwa inaendelea miaka.

*Kuongeza baadaye.* Vipande vilivyotumika vitapatikana muda mrefu, kwa sababu mashine za DDR4 zilizoko duniani ni nyingi mno. Lakini bei ya kipande cha pili huenda isiwe ya kipande cha kwanza. Kama unajua utahitaji giga 16, usinunue 8 leo ukijipa moyo kwamba nyingine ni ya mwakani.

*Vinavyoambatana nayo.* Hapa DDR4 inang'ara. Intel kizazi cha 8, kile kinachokubaliwa na Windows 11, kiko kwenye kompyuta za mtumba zilizotapakaa: OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkPad T480 yenye sloti mbili. Hata Intel kizazi cha 12 hadi 14 kina mazabodi za DDR4, na familia yote ya AMD ya soketi AM4 (soketi ni kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) ni DDR4. Ukinunua mashine nzima iliyotumika, RAM iliyomo ndani mara nyingi unaipata kwa bei ndogo kuliko ukiinunua peke yake. Nimewahi kumshauri mteja anunue kompyuta ya pili nzima badala ya vipande viwili vya RAM, akahamisha RAM na kubaki na skrini na SSD za akiba.

*Mitego.* Kwanza, RAM ya seva, zile kompyuta kubwa za vituo vya data. Inaletwa kwa wingi, giga 16 na 32, na bei inavutia. Ile inayoitwa RDIMM inaingia kabisa kwenye sloti ya DDR4 ya kompyuta ya kawaida, lakini mashine haiwaki. Tazama mstari wa chipu: ya kawaida huwa na chipu 4, 8 au 16 kubwa zinazofanana, ya seva ina ya ziada, na katikati ya kipande kuna chipu nyingine yenye umbo tofauti.

Pili, vibandiko. Niliwahi kuuziwa kipande kilichosomeka giga 8, PC4-2666, yaani DDR4 ya kasi ya 2666. Nilikiinamisha chini ya taa nikaona ukingo wa kibandiko umepanda kidogo, kama kina unene wa karatasi mbili. Nikakwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha kiwandani, giga 4. Muuzaji alisema naye aliletewa hivyo, na pengine ni kweli. Tangu hapo silipi kabla ya kukiwasha na kuona mashine inasoma giga ngapi, kisha nikifika kwangu nakiacha na MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa moja jekundu likitokea, kipande kinarudi. Ndiyo maana napatana muda wa kurudisha kabla sijatoa pesa.

Yule mama wa duka nilimpatia kipande kilichotumika cha giga 8, kikalala kwenye majaribio, asubuhi kikawa safi. Alilipa zaidi ya 2023 na pungufu ya bei ya kipya.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya DDR4 inayomtosha. Ofisi ndogo inayotaka Windows 11 bila kununua kila kitu upya. Mwanafunzi anayetafuta laptopu ya mtumba.

DDR5

*Bei na inakoelekea.* Kiwango kilitoka 2020, kikaingia kwenye kompyuta za mezani mwishoni mwa 2021 na Intel kizazi cha 12. Mwanzo ulikuwa mgumu, na kisa chake kinafundisha jinsi chipu ndogo inavyoweza kukwamisha kubwa: kila kipande cha DDR5 kina chipu yake ya kusimamia umeme, na chipu hiyo ndogo ndiyo iliyoadimika. Kisha ikashuka kama ilivyotarajiwa, mpaka msimu wa 2025 ulipoikuta.

Tofauti na DDR4 ni hii. DDR5 imepandishwa na msimu, si na umri. Bado ina miaka ya kutengenezwa, viwanda bado vinaiboresha, na washindani wapo. Maji yakipwa, hii ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kushuka. Lini, inategemea vituo vya data vitaendelea kununua kwa kasi gani.

*Kuongeza baadaye.* Utapata, na utapata mpya. Angalizo kwenye mazabodi zenye sloti nne: DDR5 ikijaza zote, kasi hupunguzwa, hasa kwenye AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4. Ni bora vipande viwili vikubwa kuliko vinne vidogo. Kwa laptopu, chunguza kabla ya kununua kama RAM imechomelewa kwenye bodi. Ikiwa imechomelewa, kiasi unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho.

*Vinavyoambatana nayo.* Gharama halisi iko hapa, maana unanunua na mazabodi na prosesa. Soketi AM5 ya AMD, iliyotoka Septemba 2022, inakubali DDR5 tu, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Maana yake unaweza kuanza na prosesa ndogo, ukabadilisha baadaye bila kugusa RAM wala mazabodi. Waliowahi kuwa na AM4 wanajua thamani ya ahadi ya namna hiyo.

*Mitego.* Michache, kwa sababu nyingi bado ni mpya zenye waranti. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288, ila pengo la katikati limesogezwa. Kipande kikikataa kukaa, usikisukume. Na mashine ya AM5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi, feni zinazunguka tu, ikijipima na RAM mpya. Mteja mmoja alizima na kuwasha mara sita akiamini amenunua kitu kibovu. Tulipoiacha tukanywa chai, ikawaka.

*Inamfaa nani.* Anayeanza upya kabisa, mhariri wa video, anayefanya kazi za usanifu majengo, mtu anayetaka mashine itakayokaa miaka saba. Kwa kazi ya duka la kuchapisha ni pesa iliyolala.

Kulingana na hali yako

Una mashine ya DDR3 na inatosha: tafuta kipande cha giga 8 kilichotumika sasa, wakati bado vinapatikana, weka SSD na Linux, na usiongeze shilingi nyingine humo.

Una mashine ya DDR4 na sloti moja wazi: nunua unachohitaji kwa miaka mitatu ijayo, kwa safari moja, iliyotumika na kupimwa. Kama huhitaji leo wala mwakani, usinunue kwa hofu ya bei.

Una DDR4 lakini prosesa ndiyo inayolegea: angalia kwanza kama mazabodi yako inapokea prosesa kubwa zaidi ya soketi ileile. Kwa AM4 mara nyingi inapokea, na RAM yako, ambayo leo ina thamani kuliko ulivyoinunua, inabaki kazini.

Unahama kutoka DDR4 kwenda DDR5: usiiache RAM ya zamani kwenye droo. Iuze sasa, ipunguze gharama ya mpya.

Huna kompyuta na bajeti ni ndogo: chukua mashine nzima iliyotumika ya Intel kizazi cha 8, yenye giga 16 tayari ndani. Ile yenye giga 8 ya bei rahisi itakugharimu zaidi ukianza kuiongezea.

Huna kompyuta, bajeti ipo, na kazi inaweza kungoja: DDR5, na unayo sababu ya kuangalia bei miezi michache. Kazi ikiwa haingoji, nunua kipande kimoja kikubwa cha giga 16 leo, acha sloti ya pili wazi, na uijaze bei ikishuka kwa kipande kinachofanana nacho. Kasi itakuwa pungufu kidogo kwa muda, na kwa kazi nyingi utaivumilia.

Unasimamia kompyuta za shule au ofisi yenye mashine ishirini: chagua kizazi kimoja na ukae nacho. Ikiwa ni DDR4, tenga fungu la vipande vitatu vinne vya akiba mwaka huu, vikiwa vimepimwa na kufungwa kwenye mifuko yake ya kuzuia umeme tuli. Na kila unapofungua mashine, andika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa kifuniko: DDR4, PC4-2666, giga 8, sloti 1 wazi, na tarehe.